Ronge Juu, Ronge Nyika

Mwaka jana kazi yangu ilikuwa kuandika vijiji vya Wacheki. Sijawahi kufika Ucheki. Sijawahi hata kufika Kisumu. Lakini kuna jamaa mtandaoni alikuwa anatengeneza programu ya watalii, akataka maelezo mafupi ya vijiji, maneno 200 kila kimoja, shilingi 180 kwa kijiji. Unatumiwa fomu yenye vichwa: mahali kilipo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, idadi ya wakazi, kutajwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi, mambo ya kuona. Kazi yako ni kugeuza hizo takwimu ziwe sentensi zenye pumzi. Nilikuwa nafanya vinne kwa siku, vitano bando likikubali.

Nilikuwa nimerudi ocha, Ronge. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilinishinda, na hiyo hadithi ni ndefu na haina ladha, tuiruke. Kwa nyanya mtandao haushiki ndani ya nyumba. Unashika kwenye jiwe moja kubwa nyuma ya migomba, mahali ambapo mlima unaanza kuteremka na unaona tambarare yote ya Voi mpaka macho yachoke. Kwa hiyo ofisi yangu ilikuwa jiwe. Mvua ikianza nafunga ofisi.

Kilichonishangaza kwenye vile vijiji ni tarehe. Ucheki ni nchi ndogo, lakini ina zaidi ya manispaa 6,200, na zaidi ya nusu yake hazifikishi watu 500. Yaani mahali ambapo wakazi wote wangeenea kwenye mabasi mawili matatu pana meya, pana nembo, na pana mwaka wake: kilitajwa kwa mara ya kwanza mwaka elfu moja mia tatu na kitu. Tena mara nyingi huko kutajwa si jambo la heshima. Ni bwana fulani anauza kijiji kwa nyumba ya watawa, au ni orodha ya watu wanaodaiwa kodi. Karani aliandika jina, karatasi ikawekwa mahali pakavu, na miaka 600 baadaye mimi niko juu ya jiwe Ronge nahesabu maneno.

Siku moja nyanya akaja na chai, akasimama nyuma yangu.

"Unaandika nini hiyo haiishi?"

"Kijiji, nyanya. Cha Wazungu."

"Kina watu wangapi?"

"Tisini na nne."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Tisini na nne ni harusi, tena harusi ndogo. Kisha akanyamaza, akaniuliza swali ambalo nilidhani ni la utani: "Na cha kwetu umemaliza?"

Haukuwa utani. Wiki hiyo chifu alikuwa ametangaza kwenye baraza kwamba mashamba ya Nyika yasiyo na hati yataandikwa, na kila familia ijitayarishe kueleza mipaka yake. Sisi tuna shamba Nyika. Babu alilifyeka mwaka wa Uhuru, 1963, na alipofariki hakuacha karatasi hata ya ukubwa wa tikiti ya matatu. Binamu zake, au tuseme watoto wa binamu zake, wanasema mpaka wao unaishia kwenye mwembe. Nyanya anasema unaishia kwenye jiwe lililopasuka. Kati ya mwembe na jiwe kuna kama ekari mbili. Na nyanya ana nyonga mbovu, hajashuka Nyika miaka minne.

"Wewe si ndiye mwandishi," akaniambia. "Andika."

Basi ngoja nieleze mahali kilipo, kama fomu inavyotaka.

Milima ya Taita inachomoka kwenye tambarare ya Tsavo kama visiwa. Kuna Dawida, ndiyo kubwa, yenye kilele cha Vuria mita 2,208. Kuna Sagalla juu ya mji wa Voi, na Kasigau kule kusini peke yake. Na kuna Mbololo, ambao wageni wengi huuhesabu pamoja na Dawida, ingawa kati yao kuna bonde la Paranga, na ukimwambia mtu wa Mbololo kwamba yeye ni wa Dawida atakusahihisha kwa upole mara ya kwanza. Ronge iko kwenye mgongo huo wa Mbololo, upande wa kusini. Kwa serikali ni wadi, eneo bunge la Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta.

Lakini Ronge ni jina moja lenye sehemu mbili. Ronge Juu ni huku mlimani: ukungu asubuhi, migomba, maparachichi, miwa, mahindi kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona anauliza kama tunalima kwa kamba. Ronge Nyika ni chini: joto, miba, vumbi jekundu, kunde na ndengu na mahindi ya kubahatisha. Kutembea kutoka moja hadi nyingine ni asubuhi moja, lakini unavua sweta njiani. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi unavuka kilomita 150 na zaidi za nyika kavu ukiwa na unyevu wake mfukoni, hauna pa kuushusha, mpaka ugonge hii milima. Ndiyo maana juu kuna msitu na chini kuna kiu, na wote ni watu wa ukoo mmoja.

Wazee hawakuona hiyo kama bahati mbaya. Familia ilitaka kipande juu na kipande chini. Mvua ikikataa Nyika, juu kuna migomba. Baridi ikichelewesha mahindi ya juu, chini yamekomaa. Kwa miaka mingi watu waliishi juu tu na kushuka kulima, kwa sababu chini kulikuwa na wavamizi wa ng'ombe, Wamaasai na Waoromo, na kulikuwa na wanyama. Unashuka na jembe, unapanda jioni na mzigo. Kuhamia Nyika na kujenga ni mambo ya wakati wa ukoloni na baadaye, watu walipozidi na miteremko ikawa imegawanywa mpaka ikawa vipande vya leso.

Ila walipoanza kushuka, walikuta chini kumeshachukuliwa. Mashamba ya mkonge upande wa Mwatate na Voi. Kisha mwaka 1948 mbuga ya Tsavo, ambayo leo imekula zaidi ya nusu ya kaunti nzima. Watu hawakunyamaza, mwishoni mwa miaka ya 1930 walianzisha Taita Hills Association kupigania ardhi, na mwaka 1940 serikali ikakipiga marufuku chama hicho, pamoja na Kikuyu Central Association na kile cha Wakamba. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Taita anagombana juu ya ekari mbili zenye miba, usicheke. Hizo ekari ndizo zilizobaki baada ya mkonge na ndovu kupewa zao.

Nilianza na kile kichwa cha fomu kilichokuwa kinaniuma, kutajwa kwa mara ya kwanza. Mzungu aliyeanza kuiandika hii milima ni Johannes Rebmann, mmisionari kutoka Ujerumani. Oktoba 1847 alifika Kasigau, akaiandika kwa jina la Kadiaro. Mwaka uliofuata alipita Bura akielekea Uchagga, na tarehe 11 Mei 1848 akaona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wa London wakamcheka kwamba jua la Afrika limemchoma kichwa. Kwenye habari yake sisi ni njia. Unapita Taita kwenda kuona kitu. Mpaka leo iko hivyo: reli ilipita Voi kwenda Uganda, jeshi la Waingereza likajenga reli nyingine kutoka Voi mwaka 1915 kwenda kupigana na Wajerumani, na watalii wanapita na madirisha yamefungwa.

Nyanya hakupendezwa na Rebmann. Kwake miaka inahesabiwa kwa njaa. Alisikia kwa bibi yake habari za Mwakisenge, njaa kubwa ya miaka ya 1880, watu wakala ngozi, wengine wakahama wasirudi. Ukimuuliza ukoo wetu ulifika Ronge lini anakwambia kabla ya Mwakisenge. Hiyo kwake inatosha. Nikajaribu kumweleza kwamba ofisini watataka namba. Akasema, "Basi waambie waje walale njaa kama ile, watajua namba."

Kwenye ile orodha ya Wacheki kilikuwepo kijiji kimoja kilichonisimamisha. Lidice. Fomu ilisema karibu na Praha, watu mia chache, kuna kumbukumbu na bustani ya waridi. Nikasoma zaidi. Tarehe 10 Juni 1942, Wanazi walikizingira kwa kulipiza kisasi cha kuuawa kwa mkubwa wao Reinhard Heydrich. Wanaume 173 walipigwa risasi hapo hapo, wanawake wakapelekwa kambini, watoto wengi wakauawa kwa gesi. Kisha wakachoma nyumba, wakabomoa kanisa, wakasawazisha makaburi. Walitaka hata jina lifutike kwenye ramani. Baada ya vita kijiji kikajengwa upya kando ya pale pa zamani.

Nilimsomea nyanya kwa Kiswahili, polepole. Alisikiliza hadi mwisho, akitoa maharagwe kwenye maganda.

"Kama Kasigau," akasema.

Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha nne na Kasigau nilikuwa nikiijua kama mlima wa kuendea matembezi. Nikaenda kutafuta. Mwaka 1915 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakaishambulia kambi ya Waingereza Kasigau. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliotoa siri. Wakawaondoa watu wote mlimani, wakawapeleka Malindi, pwani, kwenye joto na malaria ambayo miili ya mlimani haikuizoea. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudishwa nyumbani miaka ya 1930, karibu miaka ishirini baadaye. Sisemi ni sawa na Lidice. Huko watu walipangwa mstari wakauawa. Nasema tu kwamba nilijua cha Wacheki kabla ya kujua cha kwetu, na aliyenirekebisha ni mtu ambaye hajui kusoma.

Kijiji hicho sikukiandika maneno 200. Niliandika 260 na nikalipwa 180 zile zile.

Wanaoandika habari za upande wetu mara nyingi wanaandika vitu vingine, si watu. Mwaka 1913 mtaalamu wa Marekani alimpa jina la kisayansi ndege mmoja wa msitu wa Mbololo, Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa. Mpaka leo yuko Taita peke yake, kwenye misitu michache inayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kuna ua la zambarau, Saintpaulia teitensis, linalomea porini Mbololo tu, na jamaa zake wanauzwa kwenye vyungu Ulaya kote, bila shaka hata kwenye madirisha ya vile vijiji vyangu. Watafiti kutoka Helsinki walilinganisha picha za ndege za mwaka 1955 na za 2004 kwa misitu ya Dawida, ng'ambo ya bonde letu. Jumla ya msitu ilikuwa karibu ile ile. Ila msitu wa asili ulikuwa umepungua nusu, na nafasi yake ilishikwa na misonobari na mikalitusi iliyopandwa. Ukiangalia kwa mbali ni kijani vilevile. Msitu wetu wa Ronge pia umejaa miti ya kupandwa. Ukiingia kwenye misonobari unasikia kimya, hakuna ndege wa maana, chini ni sindano kavu tu.

Halafu kuna yule mnyama wa shambani. Jembe la nyanya lilimfukua mbele yangu, nikadhani ni mnyoo mkubwa wa rangi ya samawati. Siyo mnyoo. Ni jamaa ya vyura asiye na miguu, Boulengerula taitana, na anaishi kwenye udongo wa milima hii. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba mama yake akishazaa, ngozi yake ya nje inanenepa, inajaa mafuta, na watoto wanaikwangua kwa meno na kuila. Ndiyo maziwa yao. Ngozi inaota tena, wanaila tena. Mama yangu aliuza ng'ombe wawili na cherehani kwa ajili ya karo yangu. Niliposoma hiyo habari nilizima simu nikakaa tu pale juu ya jiwe.

Lakini kuna karatasi moja ya watu, na hii ilinifurahisha. Mraru ni jirani zetu, barabarani kati ya Mwatate na Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akina mama wa Mraru walichoka kuachwa stejini. Basi lilikuwa likitoka juu huko limeshajaa, na nafasi ikipatikana wanaume wanaingia kwanza kwa viwiko. Mama ana mboga za kuuza Voi, au ana mtoto mgonjwa, basi linapita. Wakaanza kuchanga kidogo kidogo kwenye kikundi chao, wakakopa kilichopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Basi likalipa deni, faida ikajenga duka. Mwaka 1980 shirika moja la New York, Population Council, lilichapisha kijitabu kuhusu hilo basi, na kikasomwa na watu wa maendeleo dunia nzima.

Nilipomuuliza nyanya, uso wote ulibadilika. Alilipanda! Alikuwa akishuka na tenga la nyanya za kuuza (ndiyo, nyanya na nyanya, tumeshacheka vya kutosha nyumbani) kabla ya jua kutoka, na anakumbuka kwamba kwenye basi hilo hakuna mtu aliyemwambia mama asogee.

"Nilikuwa nalipanda nikitoka Nyika," akasema. "Nikilala kwenye dungu la babu yako, asubuhi napita kwenye jiwe lile, nakunja kushoto, natokea barabarani."

Nikamsimamisha. Kwenye jiwe lile? Lililopasuka? Ndani ya shamba?

"Sasa nilale kwenye shamba la watu kwa nini?"

Ndipo kazi ilipoanza kweli. Kwa siku sita nilimkalisha kwenye kiti barazani nikamwandika: alilala wapi, dungu lilielekea wapi, nani alikuwa jirani na alikufa mwaka gani (kwa hesabu ya njaa, kisha mimi nageuza), maji walichota korongo lipi, ua wa minyaa ulianzia wapi. Baadaye nikashuka na boda mpaka Nyika, nikiwa na daftari na simu, nikatembea alikoniambia.

Mwembe upo. Jiwe lipo, limepasuka katikati kama mkate. Korongo lipo, kavu. Ua wa minyaa haupo. Kuna mashina machache, mengine yamelazwa yakaota yakiwa yamelala. Jirani aliniambia ndovu waliupitia mwaka ule wa ukame mkali, wakaja usiku kutafuta maji, asubuhi ua ukawa njia. Mabomba ya Mzima yanapeleka maji Mombasa, na ndovu wanakuja kwetu kuuliza. Hilo nilimwambia jirani, naye hakucheka. Mahindi yake yalikuwa yameliwa juma hilo hilo, na watoto wake walikuwa na sauti zilizokauka kwa kupiga kelele na kugonga madebe.

Kwa hiyo mpaka wetu ulikuwa mstari wa mimea, mstari umekanyagwa na mnyama mwenye kitambulisho cha serikali, na binamu wanajua hilo.

Nilichora. Si ramani ya kujivunia: mwembe, jiwe, korongo, mashina ya minyaa niliyoyahesabu, kumi na moja, na hatua zangu kati ya kimoja na kingine. Nikapiga picha. Usiku nikaandika kurasa nane, na nikajikuta nafuata fomu ya Wacheki bila kukusudia: mahali, mwinuko, wakazi. Kwenye kutajwa kwa mara ya kwanza niliandika jina la babu na 1963. Nikamsomea nyanya. Alikubali yote isipokuwa jambo moja. Nilikuwa nimeandika babu alifyeka shamba. Akasema, "Tulifyeka. Mimi nilikuwa na mimba ya mama yako na panga mkononi. Andika tulifyeka." Nikafuta, nikaandika.

Juzi nikazipeleka ofisini. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa Nyika kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Karani alisoma ukurasa wa kwanza wote, hakuruka, kisha wa pili. Akaangalia mchoro. Akauliza, "Huyu mama bado yuko?"

Nikasema yuko.

"Na akili iko?"

"Kutuzidi."

"Mlete Jumanne, kamati itakuwa shambani. Aonyeshe mwenyewe. Hii iweke, itamsaidia kukumbuka." Akanirudishia kurasa zangu.

Boda haiwezekani na ile nyonga. Probox ya jirani kupanda mpaka kwetu, kumshusha na kumrudisha, anataka shilingi 2,500, na hataki kushuka hata mia. Leo ni Ijumaa. Nina vijiji kumi na vinne vya kuandika kabla ya Jumanne, na mvua imeanza.